Shotgani ya kwanza kwa mwenye hela ya kudunduliza, niko Tanga, naombeni ushauri

Mwana_Chumbageni
Wakuu salaam aleikum, habari za jioni. Mie niko Tanga mjini ila shamba liko Mkata huko Handeni, na muda mrefu nimekuwa natamani kuwinda kihalali, namaanisha silaha ya leseni na kibali cha kuwinda, sio mambo ya gobole la kuazima usiku. Maombi ya kumiliki silaha nimeshayaanzisha, mtendaji na watu wa mtaa wameshanijadili, sasa yako ngazi za juu nasubiri. Wakati nasubiri nataka nijue kabisa nitanunua nini maana hela yenyewe ya kudunduliza, nikikosea sina nyingine.

Simu yangu imejaa video za Wamarekani, kila mtu huko ni shotgani ya 12 tu (hiyo namba ndio ukubwa wa tundu la mtutu), mara Mossberg 500 mara Remington 870, wanapiga wale kulungu wao wa mapembe ya matawi na wanaangusha. Mie lengo langu pongo na tohe, hawa jamii ya swala, funo akipatikana sawa, na kanga wa kitoweo. Mbele yangu kuna vitu vitatu. Kuna mitutu miwili ya Kiingereza ya zamani, iko kwa jirani yetu hapa mtaani, nzuri mno kwa macho, ina nakshi za maua pembeni na bei ya ujirani. Kuna Baikal ya Kirusi ya mtutu mmoja, mwenye nayo yuko Muheza. Halafu kuna pampu mpya ya Kituruki, ile unayovuta na kusukuma mbao ya mbele ili iingize ganda jingine, nimeiona duka moja Dar, bei yake karibu mara mbili ya hiyo Baikal. Tena kuna rafiki ananiambia nitafute ya 20 kwa sababu mie mwembamba eti ya 12 itanitegua bega. Wataalamu njooni.

Nyuki_wa_Pangani
Hahaha mkuu pongo wa Mkata wameshausoma huu uzi wanafunga mizigo. Paja moja letu wana Pangani usisahau.

Mzee_Kwamsisi
Kijana wangu hujambo. Umeanzia kwenye bunduki wakati swali la kwanza ni mnyama. Kumiliki silaha ni mambo ya polisi, ile Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kuwinda ni mambo ya wanyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na hao watu wake ni TAWA, ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na afisa wanyamapori wa wilaya. Ukiwa na leseni ya polisi mfukoni bado huna ruhusa ya kumgusa hata sungura. Na kanuni za uwindaji zinapanga ukubwa wa silaha kulingana na mnyama, kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi nenda kwa afisa wanyamapori na maswali yako yameandikwa kwenye karatasi: mwaka huu leseni za wenyeji zinatolewa, kwa eneo gani, wanyama gani, na huyu pongo na tohe wanakubali umpige kwa shotgani au wanataka raifo. Unaweza ukamaliza hela yako kwenye shotgani halafu ukaambiwa hiyo ni ya kanga na kwale tu, tohe nenda na raifo. Utafanya nini?

Nyie wa Tanga mko katikati ya hifadhi, jueni mipaka. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, Mkomazi tangu 2008, humo ndani hakuna leseni ya kuwinda ya aina yoyote. Na mnyama akitoka hifadhini akaja kulala kwenye mihogo yako sio wako, bado ni wa serikali. Ukikutwa na nyama huna karatasi hiyo ni nyara za serikali, hawakuulizi ulipikia mgeni au uliuza. Tochi za usiku pia usidanganywe na mtu, marufuku.

Sasa nirudi kwenye shotgani. Hii ni silaha ya karibu. Kwa vichaka vyetu vya Handeni inafaa kwa sababu mnyama unamwona hatua 20 na akiruka mara moja ameshapotea, huna nafasi ya kutazama darubini. Kwa mnyama wa saizi ya pongo utatumia risasi za kete kubwa, yaani ganda lenye vidonge kadhaa ndani, zile maboksi ya Kiingereza yanaandika SG na Wamarekani wanaandika 00, karibu ni kitu kimoja, kila kete ina kama milimita 8.4 na ganda la kawaida la ya 12 lina kete 9 hivi. Mita 30, ukijitahidi 35, hapo basi. Ukipiga mita 60 kete zimeshatawanyika, mbili zinamgusa tumboni, anakimbia na maumivu na wewe unafuata damu mpaka Magharibi. Na pongo dume aliyejeruhiwa usimfuate kichakani kama unafuata kuku. Yule hageuki kukimbia tena, anakusubiri na zile pembe, mbwa wangapi wamepasuliwa matumbo.

Mtanga_Ohio
Salaam ndugu zangu, mie mzaliwa wa Ngamiani niko huku Ohio miaka sasa. Nataka kumsaidia mwanzisha uzi kwa upande wa hizo video maana zinapoteza watu wengi.

Huku majimbo kama Ohio, Illinois na Iowa ni tambarare, mashamba ya mahindi na nyumba za watu kila upande. Risasi ya raifo ikikosa mnyama inasafiri mbali sana, ndio maana serikali za huku muda mrefu zilikuwa zinataka mtu awinde kulungu kwa shotgani. Hawakusema shotgani ndio bora, walisema haiui jirani. Ohio ilikuja kuruhusu raifo za aina fulani tu, zile za ganda lililonyooka lisilobanwa shingoni, mwaka 2014. Na shotgani yenyewe hawapigi kete, hapa Ohio kulungu ni slagi tu, ile risasi ya donge moja zito la madini ya risasi, ya 12 inakuwa kama gramu 28. Halafu wengi unaowaona kwenye video bunduki zao zina mtutu maalum wa slagi wenye mikato ndani na darubini juu, ndio maana anapiga mita 100 anashangilia. Mtutu laini wa kawaida wenye kishanga mbele (kile kishanga cha kulengea) kama huo wa Baikal, slagi yake ni mita 50 au 60, baada ya hapo unabahatisha.

Kwa hiyo mtu akikwambia "shotgani inatosha kulungu" muulize kwa risasi gani na mtutu gani.

Kuhusu bei, huku Maverick 88 ndio ya masikini, ni ndugu wa Mossberg 500, dola 250 hivi unaipata mpya. Remington 870 ipo tangu 1950 na zimetengenezwa zaidi ya milioni 10, za mitumba zimejaa. Ila hizo bei msizipigie hesabu kwa huko nyumbani, mpaka ifike na kodi na vibali ni habari nyingine kabisa.

Kamanda_Msata
Mie napingana na wazee wanaopenda mtutu mmoja. Mtutu mmoja ni kurudi nyuma, mnyama umemjeruhi unahitaji risasi ya pili sasa hivi sio ukaanze kukunja bunduki kutafuta ganda mfukoni huku mikono inatetemeka. Pampu ya Kituruki chukua mkuu, mpya, haijachezewa na mtu, unaua kanga leo kesho unabadilisha choki, ule mdomo wa mtutu unaobana kete zisitawanyike, unaingia msituni. Hao wanaoziponda hawajazishika.

Fundi_Kitako
Kamanda upo sahihi kwenye risasi ya pili, ila pampu za bei rahisi mie nazifungua kila mara. Sio zote mbovu, kuna Waturuki wanatengeneza vizuri sana. Tatizo ni zile za bei ya chini kabisa, chuma laini, reli inayosukuma inachakaa, ganda linakwama nusu limetoka nusu liko ndani, na mchanga wa pwani yetu huu pamoja na chumvi ya bahari ukiingia humo ndani bila mtu wa kuifungua yote kila baada ya safari imekwisha. Mwanzoni mtu hajui hata pini ya kutoa iko wapi.

Sasa hiyo ya Kiingereza yenye maua. Hapa nasema polepole. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza chemba yake, pale nyuma ya mtutu linapokaa ganda, ni ya ganda la milimita 65. Risasi za dukani leo nyingi ni 70, nyingine 76. Na kinachotia hatari ni kwamba ganda la 70, na wakati mwingine hata la 76, LINAINGIA kwenye chemba fupi vizuri tu, bunduki inafunga, kwa sababu ule urefu ulioandikwa ni wa ganda likishafunguka baada ya kupiga, kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa kwa hiyo ni fupi. Ukifyatua sasa mdomo unafunguka mbele hauna nafasi, unaziba njia, presha inapanda ghafla, na kichwa chako kiko sentimita chache kutoka hapo. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie "mbona zinaingia". Chemba inapimwa na fundi, au unasoma mihuri ya majaribio chini ya mtutu. Na kama chuma cha mtutu kina michoro ya mawimbi mawimbi kama kimesukwa, ning'inize ukutani, usiipige kabisa na risasi za kisasa.

Bunduki yoyote ya mkononi angalia hivi. Hakikisha ni tupu, ikunje, toa mtutu, utazame ndani ukielekeza kwenye mwanga wa anga. Unatakiwa uone pete za mwanga zimepangika duara safi. Pete ikipinda mahali, pale pana bonde au uvimbe. Ukiona vidoadoa vyeusi vinavyobaki hata baada ya kupitisha kitambaa cha mafuta hayo ni mashimo ya kutu, na za watu wa pwani ndio ugonjwa wake, hasa hapo karibu na chemba. Halafu irudishe, ifunge, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine ujaribu kuitikisa. Ikicheza pale inapokunjikia, achana nayo.

Baikal mie naipenda, sitaficha. Zinatoka Izhevsk huko Urusi, mbao yake kama mguu wa meza, hazina uzuri wowote. Lakini zinapiga. Na mtutu mmoja ukikunjwa kila mtu aliye karibu anaona kwa macho yake kwamba ni tupu, kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa.

Mwana_Chumbageni
Fundi umenifungua macho, hilo la ganda kuingia mie ningejaribu na kufurahi. Na bega je? Ya 20 mnasemaje?

Mzee_Kwamsisi
Ya 20 ni bunduki nzuri sana na namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo, milimita 15.6 kwa 18.5 ya ile ya 12. Shida sio bunduki, shida risasi zake utazipata wapi. Ingia maduka ya risasi ulizia SG za 20 uone watakavyokutazama. Ya 12 iko kila mahali.

Teke la bega linategemea uzito wa bunduki na unavyoishika kuliko umbo lako. Ile Baikal ya mtutu mmoja ni nyepesi kidogo kwa hiyo na slagi itakusukuma kweli, usiidharau. Anza na marisau mepesi, zile kete ndogo ndogo, ya gramu 28 ya kupigia kanga, uzoee. Bunduki iweke kwenye nyama ya bega sio kwenye mfupa na uivute ikukae, wanaoumia ni wale wanaoiogopa wanaiachia nafasi. Na kabla hujalipa fumba macho, inyanyue begani kama unalenga, fumbua. Jicho lako likiwa limekaa nyuma ya kishanga bila kushusha wala kunyoosha shingo, urefu wa kitako unakufaa. Ukiona unatazama kisigino cha bunduki au umekosa kishanga kabisa, fundi anaweza kupunguza mbao, hiyo sio gharama.

Na Kamanda nimemsikia. Mitutu miwili inaondoa hoja yake, risasi ya pili ipo hapo hapo na kila mtutu una choki yake. Hata Baikal wanayo. Hiyo ya Kiingereza ikipita kwa fundi ingekuwa bora kuliko zote tatu.

Bi_Mkubwa_Bagamoyo
Mwanangu naona wanaume wote wamezungumzia mitutu hakuna aliyeuliza hiyo bunduki ya jirani ni ya nani. Leseni imeandikwa jina lake yeye jirani? Nauliza kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa na silaha, alipofariki watu watatu walikuja msibani kabla hata ya arobaini wanataka kuinunua kimya kimya. Mie niliipeleka polisi na karatasi zake, ikakaa huko mpaka mirathi. Silaha hairithiwi kama kabati. Mwenye nayo akifa, leseni yake imekufa naye, anayeitaka aombe yake upya.

Halafu itakaa wapi nyumbani kwako? Nunua kasha la chuma la kufungia ulikaze ukutani, risasi ziwe mahali pengine na ufunguo uwe nao wewe, sio juu ya kabati ambako watoto wote wanapajua. Weka na hiyo kwenye hesabu ya bei. Hewa yetu hii ya bahari mafuta upake hata kama hujaitumia.

Mwana_Chumbageni
Bi Mkubwa shikamoo. Umenigusa palepale. Nimempigia jirani sasa hivi, bunduki ilikuwa ya baba yake, mzee alifariki zamani, karatasi "zipo mahali fulani".

Bi_Mkubwa_Bagamoyo
Marahaba. Basi usiishike hata kwa kupiga nayo picha. Mwambie jirani kwa upole aende mwenyewe polisi akaiseme kabla haijasemewa. Wewe na leseni unayoisubiri, jina lako likitajwa kwenye bunduki ya marehemu maombi yako yote yanaishia hapo.

Kamanda_Msata
Bi Mkubwa hapo sina neno. Hiyo futa.

Shehe_Wa_Duga
Kwa wale wa kitoweo cha halali, kisu kiwe kiunoni sio kwenye begi. Taja jina la Mola kabla ya kufyatua na ukimkuta bado ana uhai mchinje, wanazuoni wana maneno yao juu ya aliyekufa kwa risasi, kamuulize shehe wako mapema sio umesimama juu ya mnyama. Ndio sababu nyingine mie sipendi kupiga mbali, mpaka ufike ameshakata roho. Na mwambie mpishi kete zinabaki kwenye nyama. Kanga wa marisau tafuna taratibu, jino langu la nyuma linajua. Kata ile nyama yote iliyopondeka kuzunguka tundu uitupe, ni sumu ya madini ya risasi hiyo usiwape watoto.

Nyuki_wa_Pangani
Mie swali langu nguruwe pori, simli lakini ananila mimi, mahindi yote ya Mkwaja kamaliza. Nikiwa na shotgani shambani si namalizana naye?

Mzee_Kwamsisi
Na huyo pia ni mnyamapori, leseni yako ya polisi haimhusu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, uandike uharibifu, waite afisa wanyamapori waje na askari wao. Wanachelewa, najua. Lakini ukimpiga mwenyewe nguruwe utakuwa wewe.

Mwana_Chumbageni
Wakuu nimeelewa. Jumatatu naenda kwa afisa wanyamapori Handeni na karatasi yangu ya maswali, akisema shotgani inakubalika kwa ninaowataka nashuka Muheza na fundi kuitazama Baikal, akisema hapana basi nanunua hiyo hiyo nipige kanga na kwale na raifo nitaanza kuidunduliza upya. Pampu nimeiweka pembeni kwanza, Kamanda usininunie. Fundi, urefu wa chemba kwenye Baikal umeandikwa upande gani? Na leseni ikishatoka nikitaka kujua kete zake zinavyotawanyika nifanyeje?

Fundi_Kitako
Umepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, utaona 12x70 au 12x76 kutegemea ni ya aina gani, ikiwa pembeni haupo toa ule mbao wa mbele utazame chini ya mtutu. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi la risasi analokupa muuzaji, hilo ni boksi lake sio la bunduki. Tazama pia namba ya silaha kama haijakwanguliwa na inafanana na kwenye leseni yake, herufi kwa herufi.

Kete zake: nenda mahali uliporuhusiwa kupiga, chana mfuko wa saruji uupate karatasi kubwa, chora duara la saizi ya sinia katikati, simama hatua 25 upige risasi moja ya SG, hesabu matundu yaliyoingia kwenye duara. Halafu karatasi nyingine hatua 35. Pale ambapo kete zinaanza kutoka nje ya sinia ndio mwisho wako wa kupiga mnyama, na ukibadilisha aina ya risasi rudia upya maana kila mtutu una chakula chake. Slagi usiipitishe kwenye mtutu wenye choki ya kubana kabisa kabla sijautazama. Jumatano niko huru, Muheza tunaweza kwenda na basi la asubuhi.

Mwana_Chumbageni
Jumatano poa fundi, nauli juu yangu. Jibu la Handeni nitakutumia Jumatatu jioni.